Faili Dogo, Kompyuta Hoi

Barua nyingi zilizoingia safari hii zinazungumzia jambo moja: video zilizobanwa kwa mitindo mipya, na mashine zinazoshindwa kuzicheza. Naanza na ile yenye jibu refu, maana ukishalielewa hilo, mengine yanakuwa mepesi.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina kompyuta mpakato ya mwaka 2014 ambayo haijawahi kunisumbua. Video zangu zote za zamani inazicheza vizuri, hata zile za gigabaiti nne. Juzi dada yangu kanitumia video aliyoirekodi kwa simu yake mpya, dakika tatu tu, na faili lenyewe dogo. Nikiifungua, picha inaganda, sauti inatangulia mbele, feni inavuma mpaka watu wa chumba cha pili wanauliza kuna nini. Inakuwaje faili dogo liitoe jasho mashine inayobeba mafaili makubwa? Au nimeingiliwa na virusi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Virusi huna, na mashine yako haijachoka. Faili hilo linaitoa jasho kwa sababu ni dogo.

Tupige hesabu. Picha ya Full HD ina pikseli 1920 kwa 1080. Kila pikseli ikiandikwa kwa biti 24, na fremu 30, yaani picha moja moja, zikapita kila sekunde, unapata karibu biti bilioni moja na nusu kwa sekunde. Dakika moja ya video ya namna hiyo ni gigabaiti 11 na ushee. Lakini video hiyohiyo ikirushwa mtandaoni huja kwa megabiti tano, pengine nane, kwa sekunde. Hiyo tofauti yote haipo ndani ya faili. Mashine inayocheza ndiyo inayoijenga upya, fremu baada ya fremu, na kwa fremu 30 kwa sekunde haina hata milisekunde 34 za kuimaliza kila moja.

Inaijengaje? Chukua video ya mtu anayezungumza mbele ya ukuta. Ukuta uko palepale, hivyo hakuna haja ya kuuhifadhi mara 30 kwa sekunde. Faili linatunza fremu moja kamili, na kwa zinazofuata linatunza maelekezo: kipande hiki kichukue kutoka kwenye fremu iliyopita, kisogeze kulia pikseli tatu na robo, kisha ongeza tofauti hii ndogo. Hiyo robo ya pikseli ndipo jasho linapoanzia, kwa kuwa picha haina robo ya pikseli. Inabidi thamani yake ikokotolewe kutokana na pikseli za jirani. H.264, mtindo uliokamilika mwaka 2003, hupima hadi pikseli sita kwenye mstari. HEVC, ambayo wengine huiita H.265, iliyokuja mwaka 2013, hupima hadi nane. Na kipande kimoja kinaweza kuchanganywa kutoka fremu mbili, moja iliyopita na nyingine itakayokuja baadaye, kwa hiyo mashine inalazimika kufungua fremu ya mbele kabla ya kukuonyesha ya sasa.

Ile tofauti ndogo nayo imebanwa kivyake, kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao. Hesabu hiyo inageuza kipande cha picha kuwa mawimbi, yale mapana na yale membamba, kisha yale ambayo jicho haliyajali sana yanapunguzwa au kuachwa kabisa. Imepita miaka zaidi ya 50 na mitindo yote mikubwa ya video bado imesimama juu yake au juu ya ndugu zake wa karibu. Mimi naiheshimu sana kazi ile. Hakuna fremu unayoitazama leo kwenye simu isiyopita mikononi mwa watu wale watatu.

Sasa, kila kizazi kipya cha kodeki, yaani hiyo mitindo ya kubana na kufungua video, kinalenga kutoa picha ya ubora uleule kwa takriban nusu ya biti za kizazi kilichotangulia. Nusu hiyo haipatikani bure. H.264 hukata picha katika vipande vya pikseli 16 kwa 16. HEVC huanza na vipande vinavyofika 64 kwa 64 na kuvigawa kadiri inavyofaa: ukuta mtupu unabaki kipande kikubwa, ukingo wa sikio unakatwakatwa vidogovidogo. AV1 ya mwaka 2018 na VVC ya mwaka 2020 zinaanzia hadi 128 kwa 128. Mwisho wa yote kuna vichujio vya kusafisha mipaka kati ya vipande, na kila kizazi kimeongeza kichujio chake.

Kwa nini basi simu ya dada yako haichemki? Kwa sababu ndani yake kuna saketi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo moja tu, kufungua na kubana HEVC, na inaifanya kwa umeme kidogo mno. Kompyuta yako ina saketi ya namna hiyo kwa ajili ya H.264, ndiyo maana yale mafaili ya gigabaiti nne inayameza bila kelele. Ya HEVC, aliyorekodia dada yako, haina. Kwa Intel, saketi kamili ya HEVC ilianza na prosesa za kizazi cha sita mwaka 2015, na ya HEVC yenye biti 10 kwa kila rangi ikaja na kizazi cha saba. Mashine ikikosa saketi, kazi yote inaangukia prosesa ya kawaida, ile inayofanya kila kitu, na ndipo feni inapoanza kuvuma.

Jithibitishie mwenyewe. Fungua dirisha linaloonyesha mzigo wa kompyuta, kisha cheza moja ya video zako za zamani. Utaona prosesa iko chini, na sehemu ya kadi ya picha inayohusika na kufungua video inafanya kazi kidogo. Sasa cheza ya dada yako. Prosesa inaruka mpaka karibu na asilimia mia, na ile sehemu ya kadi ya picha inalala sifuri. Hapo humlaumu tena mtu wala virusi, unaona kabisa mzigo umebebwa na nani.

Jambo jingine la kukagua ni ukubwa wa picha. Kama dada yako amerekodi 4K kwa fremu 60, ana pikseli mara nane ya Full HD ya fremu 30: nne kwa ukubwa wa picha, mbili kwa idadi ya fremu. Kwa mashine isiyo na saketi hilo peke yake linatosha kuigandisha.

Cha kufanya: kama simu yake ni iPhone, kwenye mipangilio ya kamera kuna chaguo la kurekodi kwa muundo unaokubalika kwingi, nalo linarudisha H.264. Simu nyingi za Android pia zina swichi ya kuzima HEVC. Ajue tu kwamba kwenye iPhone ile 4K ya fremu 60 haipatikani bila HEVC. Kwa video ambayo tayari unayo, ipitishe kwenye HandBrake, programu ya bure ya kugeuza video, uigeuze iwe H.264 ya Full HD. Kompyuta yako itaifanya polepole, lakini itaifanya mara moja tu, na baada ya hapo utaitazama kwa raha. Ile uliyotumiwa itunze.

SWALI: Kaka, habari za kazi. Mimi ni mhariri wa video. Nikibana kwa x265, programu ya kubana HEVC, kwenye prosesa, kazi ya saa moja inakesha usiku kucha. Nikitumia kadi ya picha, inaisha kabla sijamaliza kula. Mwenzangu anasema ya kadi ya picha ni mbovu. Mimi nikitazama sioni tofauti. Mkweli nani?

JIBU: Nzuri, kaka. Nyote wawili mna ukweli, ila mnatazama mahali tofauti.

Kufungua video ni kufuata maelekezo. Kubana ni kuyatafuta hayo maelekezo, na hapo hakuna mwisho. Chukua kipande kimoja tu cha HEVC cha 64 kwa 64. Programu inaweza kukiacha kizima, au kukigawa vinne vya 32, au 16 vya pikseli 16, au 64 vya pikseli nane. Jumla ni vipande 85 vya kupimwa. Kwa kila kimoja HEVC ina njia 35 za kukisia rangi zake kutokana na majirani walioko kwenye fremu hiyohiyo. Zidisha: majaribio 2,975, na hapo hujagusa bado kutafuta mwendo kwenye fremu nyingine. Fremu ya Full HD ina vipande 510 vya aina hiyo, na sekunde moja ina fremu 30. Ukitaka kujaribu kila kitu utavuka majaribio milioni 45 kwa sekunde moja ya video, na kila jaribio lenyewe ni hesabu kamili ya kukisia, kutoa, kugeuza na kupima hasara. VVC imepandisha njia za kukisia kutoka 35 hadi 67 na kuongeza namna za kukata vipande kwa mbili na kwa tatu, si kwa nne tu. Unaona yanakokwenda.

Hakuna programu inayojaribu yote. Ufundi wa programu za kubana kama x264, x265 na SVT-AV1 uko kwenye kujua ni majaribio gani ya kuruka. Unapochagua kasi ya chini, unaiambia programu: usiruke sana, tafuta zaidi. Unapochagua ya haraka, unaiambia iridhike mapema. Kadi ya picha yenyewe imekwisha kuridhika kiwandani. Saketi yake ina nafasi finyu na muda maalumu kwa kila fremu, hivyo inajaribu machache na kuendelea. Kwa idadi ileile ya biti, x265 ya polepole itakupa picha safi zaidi. Au kwa ubora uleule, faili dogo zaidi.

Huoni tofauti kwa sababu unabana kwa biti nyingi, na biti nyingi hufunika uvivu wa kila aina. Punguza biti mpaka nusu kwa njia zote mbili, kisha simamisha picha mahali pagumu: maji yanayotiririka, majani yanayopeperuka kamera ikizunguka, moshi, anga la jioni linalofifia taratibu kutoka rangi moja hadi nyingine. Kwenye anga utaona ngazi, mistari ya rangi iliyokatika. Kwenye maji utaona mabakamabaka. Uso wa mtu aliyetulia kwenye kiti hautakuonyesha chochote, na wahariri wengi hupimia hapo hapo.

Msimamo wangu ni huu. Matangazo ya moja kwa moja, rasimu ya kumwonyesha mteja, faili litakalobanwa tena na mtandao utakakolipeleka: tumia kadi ya picha wala usijisikie vibaya. Faili la mwisho ambalo litapakuliwa na maelfu, liache likeshe. Kampuni za kurusha video zinafanya hesabu hiyohiyo: usiku mmoja wa prosesa ukigawanywa kwa watazamaji milioni si kitu, lakini kila megabiti iliyopungua inarudi mara milioni.

Ukifikiria AV1, usiogopeshwe na hadithi za miaka yake ya mwanzo, ilipokuwa inasota kupita kiasi. SVT-AV1, iliyoanzishwa na Intel na Netflix, imebadilisha mambo kabisa. Viwango vyake vya kati vinavumilika kwenye prosesa ya kisasa. Na kadi za picha zenye saketi ya kubana AV1 zilianza kutoka mwaka 2022, Arc za Intel na mfululizo wa RTX 40 wa NVIDIA.

SWALI: Nina diski iliyojaa video za familia. Nyingine ni H.264 kutoka kwenye kamera na simu, nyingine ni MPEG-2, ule mtindo mkongwe, tulizotoa kwenye kanda za baba. Nataka kuzibana zote upya kwa AV1, nipate nusu ya nafasi, kisha nifute za zamani. Unanishauri nianze na kiwango gani?

JIBU: Nakushauri usifute. Naomba unisikilize kwenye hili kuliko yote niliyoandika leo.

Kila unapobana upya, unabana makosa ya aliyetangulia pamoja na picha. H.264 ilikwisha kutupa vitu na kuacha mabaka yake madogo na kingo zake zinazotetemeka. AV1 haijui kwamba hayo ni makosa. Inayaona kama sehemu ya picha, inatumia biti kuyahifadhi, kisha inatupa vitu vyake juu ya vile vilivyotupwa kwanza. Ile nusu ya biti inayoahidiwa hupimwa kwa kuanza na picha asilia, ambayo haijabanwa. Ukianza na faili lililokwisha kubanwa, na pengine kubanwa kwa nguvu na simu, ama hupati nusu hiyo, ama unaipata kwa kupoteza vingine.

Kwa zile za kanda hali ni ngumu zaidi. Kanda ina chenga, zile punje zinazochemka kwenye picha yote, na chenga hazijirudii kutoka fremu moja hadi nyingine. Hakuna maelekezo ya "chukua kutoka fremu iliyopita" yanayozifaa. Kodeki ikibanwa kwenye biti chache inazilainisha, na pamoja nazo inalainisha ngozi, nywele, maandishi ya kwenye fulana. AV1 ina njia ya werevu: inaziondoa chenga, inaandika maelezo ya sura yake, kisha mashine inayocheza inatengeneza chenga mpya zinazofanana nazo. Kwa filamu ya kutazama jioni naipenda sana njia hiyo. Kwa kanda ya baba yako siitaki, kwa kuwa chenga utakazoziona zimetungwa na mashine, na kilichokuwa chini yake hakirudi.

Diski huongezwa. Sauti ya baba na sura yake kwenye faili asilia haziongezwi. Nunua diski ya pili, nakili kila kitu kama kilivyo, ziweke sehemu mbili tofauti. Kama kanda zenyewe bado zipo na zinacheza, zitoe upya na uzihifadhi kwa FFV1, kodeki isiyopoteza hata biti moja, ambayo watunza kumbukumbu wanaitumia na maelezo yake rasmi yalichapishwa mwaka 2021 kama RFC 9043. Mafaili yatakuwa makubwa, ndiyo. Za kuwatumia ndugu kwenye simu, tengeneza nakala ndogo kwa AV1 au H.264 utakavyo; hizo hata zikiharibika hulii.

SWALI: Nilibadilisha jina la faili kutoka .mkv kuwa .mp4 ili runinga ilicheze. Imegoma vilevile. Kwa nini?

JIBU: Jina haligusi kilichomo. MKV na MP4 ni makasha. Ndani ya kasha lolote kati ya hayo video inaweza kuwa H.264, HEVC au AV1. Fungua faili kwa VLC, tazama taarifa za kodeki. Ikiwa ni H.264, huenda runinga inakataa kasha tu, na FFmpeg, programu ya bure, inahamisha video kutoka kasha hadi kasha bila kuibana upya, kazi ya sekunde chache na ubora haupungui hata kidogo. Ikiwa ni HEVC ya biti 10 au AV1 na runinga ni ya zamani, haina saketi yake, hapo itabidi kugeuza. Jihadhari na H.264 ya biti 10: jina ni lilelile lililoandikwa kwenye boksi la runinga, lakini saketi nyingi za H.264 zinajua biti nane tu.

SWALI: Fundi, nataka kununua kompyuta mpya ya kutazamia na kuhariria. Nisubiri ya VVC au ninunue sasa? Na kwa nini hawa watu hawatengenezi kodeki moja tukapumzika?

JIBU: Nianze na la pili. HEVC ilikuwa na nafasi ya kuwa hiyo moja. Kilichoiponza ni hataza, zile haki za wavumbuzi. Wenye haki walijigawa katika makundi zaidi ya moja ya kudai mrabaha, wengine wakabaki nje ya makundi yote, na mtengenezaji wa programu hakuweza kujua kwa uhakika atalipa nani na kiasi gani. Vivinjari vikasita kuiingiza kwa miaka. Mwaka 2015 Amazon, Cisco, Google, Intel, Microsoft, Mozilla na Netflix wakaungana kuunda Alliance for Open Media, na mwaka 2018 wakatoa AV1 isiyodai mrabaha. Ndiyo maana tuna njia mbili zinazokwenda sambamba. Mimi niko upande wa AV1 na sifichi: muundo wa kutunzia kumbukumbu za watu haupaswi kuhitaji ruhusa ya mtu kuufungua.

Ukosefu wa saketi nao umepata tiba ya kiasi. Watu wa VideoLAN, wanaotengeneza VLC, na wa FFmpeg waliandika dav1d, programu ya kufungua AV1, sehemu zake nzito zikiandikwa kwa mkono kwa lugha ya asembli, amri moja moja ya prosesa. Kwa kazi hiyo, kompyuta nyingi zisizo na saketi ya AV1 zinacheza Full HD bila kukwama. Kwa simu isiyo na saketi, tazama betri: utaokoa bando, ila chaji itashuka haraka.

VVC usiisubiri. Ilikamilika mwaka 2020, na kwenye kompyuta mpakato Intel ilianza kuweka saketi ya kuifungua mwaka 2024, kwenye prosesa za Lunar Lake. Video zenyewe utakazokutana nazo kila siku kwa VVC ni chache mno. Kinachokuhusu ni AV1 na HEVC ya biti 10. Kwa kutazama: Intel kizazi cha 11 na kuendelea, Ryzen 6000 za kompyuta mpakato na nyingi za baada yake, au Apple M3 na zinazofuata. Kwa kuhariri, hakikisha kuna saketi ya kubana AV1 pia, na hiyo si kila mashine inayofungua AV1 inayo. Uliza namba kamili ya prosesa na ya kadi ya picha kabla ya kulipa, maana neno "4K" lililobandikwa kwenye kifuniko linazungumzia skrini tu, halisemi chochote kuhusu kodeki.